Feiza, korasi au tremolo: chagua kwa kipuri, si kwa sauti uliyoisikia

Wengi wanaoanza kujitengenezea pedali za gitaa, yaani visanduku vya kubadilisha sauti yake, huchagua saketi kwa masikio. Mtu amesikia feiza ikizunguka kwenye rekodi ya zamani, anatafuta mchoro, anaandika orodha ya vipuri na kushuka nayo Kariakoo au Luthuli Avenue. Rezista anapata, kapasita anapata, poti (rezista ya kuzungusha kwa mkono) anapata. Transista moja tu haipo. Muuzaji anampa "inayofanana nayo", na pedali ikimalizika inapitisha sauti vizuri kabisa ila haizunguki. Hapo lawama zote zinaangukia kulehemu, na lehemu ya watu haina kosa.

Ushauri wangu kwenu mnaoanza: kabla ya sauti, angalieni kipuri kinachotikiswa. Pedali zote za familia hii, tremolo, vibrato, feiza, korasi na flenja, zina nusu mbili. Nusu moja ni osileta ya polepole, inayopanda na kushuka kuanzia mzunguko mmoja kwa sekunde kumi hadi mizunguko kumi kwa sekunde moja. Nusu ya pili ni njia ya sauti yenyewe, na ndani yake kuna kipuri ambacho osileta inakibadilisha muda wote. Kwenye tremolo kipuri hicho kinapandisha na kushusha ukubwa wa sauti. Kwenye feiza kinasogeza awamu ya mawimbi. Kwenye korasi na flenja kinabadilisha muda wa kuchelewesha sauti. Rezista na kapasita zinazobaki ni za kawaida, zinapatikana kila duka. Kwa hiyo maswali ya kujiuliza mbele ya mchoro wowote ni mawili tu: kipuri kinachotikiswa ni kipi, na je, ninaweza kukipata na kukipima mwenyewe kwa multimita?

Osileta ndiyo ya kujengwa kwanza, juu ya bredibodi, ubao wa kuchomeka vipuri bila kulehemu, kabla hata ya kugusa waya wa gitaa. Chukueni opampu, yaani chipu ya kukuza volti, yenye vipande viwili ndani, LM358 au TL072. Kipande kimoja kinajaza na kumwaga kapasita, kingine kinageuza mwelekeo kila kiwango kikifikiwa. Upande mmoja unatoa wimbi la pembetatu, upande wa pili wimbi la mraba. Wekeni LED kwenye pembetatu. Ikiwa taa inapanda na kufifia taratibu, na poti ya kasi inaiharakisha bila kuizima, nusu ya kazi imeisha. Ikiwa inawaka na kuzimika ghafla, mmechomeka upande wa mraba. Wengine hukimbilia chipu ya 555 kwa sababu ndiyo wanayoijua kutoka darasani. Mguu wake wa 3 unatoa mraba tu, na tremolo yake inakatakata sauti badala ya kuiyumbisha. Kama unaipenda sauti ya namna hiyo, sawa, lakini iwe kwa kukusudia.

Kwa pedali ya kwanza mimi namwelekeza kila mtu kwenye tremolo ya LDR. Kipuri kinachotikiswa ni LDR, rezista inayobadilika kwa mwanga, ile ndogo yenye mchoro wa nyoka usoni, ambayo inauzwa kote kwa sababu wanafunzi wanaitumia kwenye miradi ya Arduino. GL5528 inafaa. Kuipima ni jambo la dakika moja: multimita kwenye ohm, ukiiweka kwenye mwanga inashuka hadi kilo-ohm chache, ukiifunika kwa kiganja inapanda sana, na gizani kabisa inafika karibu megaohm moja. Iwekeni uso kwa uso na LED, ziungeni pamoja ndani ya mpira mweusi unaosinyaa kwa joto, na hakikisheni ncha zote mbili zimezibwa. Mwanga wa chumba ukipenya kidogo tu, kina cha tremolo, yaani ukubwa wa kupanda na kushuka kwake, kinapotea, na mtu anatafuta hitilafu kwenye saketi nzima kumbe ni taa ya dari. LED ya kijani ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu LDR nyingi za aina hii zinaona vizuri zaidi karibu na rangi hiyo.

Sauti ya gitaa inapita kwenye opampu ya kuingilia, kisha rezista ya 10k, na baada ya rezista hiyo LDR inaelekea ardhini. LED ikiwaka, LDR inavuta sauti chini. Ikizima, sauti inarudi. Kuna faida moja ambayo mchoro hauioneshi: LDR ni nzito kurudi gizani, inachukua makumi ya milisekunde, kwa hiyo inalainisha kona za wimbi. Ndiyo maana tremolo ya LDR inasikika kama inapumua. Hasara yake ni kwamba kasi ikizidi sana kina kinapungua, kwani LDR haijamaliza kurudi kabla LED haijawaka tena.

Sasa tatizo ambalo kila mmoja wenu atalikuta, iwe leo au kwenye pedali ya tatu: tik, tik, tik. Unanyamazisha nyuzi na bado unaisikia osileta kwenye spika. Chanzo chake ni ule upande wa mraba. Unapogeuka, mkondo unaruka ghafla, volti ya umeme inatikisika kidogo, na ampi inakuza mtikisiko huo. Msianze kuongeza kapasita kila mahali. Kwanza, pitisheni umeme unaoingia kwenye osileta kwenye rezista ya 100 ohm, na baada yake kapasita ya 100µF kwenda ardhini, ili mruko wake ubaki upande wake. Pili, waya wa ardhi wa osileta na LED usipite kwenye ardhi ya sauti. Kila mmoja uende peke yake mpaka kwenye jeki ya umeme. Tatu, badala ya TL072 wekeni TL062 upande wa osileta. Miguu ni ileile, lakini kila opampu ndani yake inakula takriban mikroampea 200 badala ya milliampea 1.4. Kwa kawaida hatua ya pili peke yake inamaliza kelele nyingi, na ndiyo watu wanayoiruka kwa sababu inahitaji kung'oa waya.

Tukija kwenye feiza, hapa ndipo uchaguzi wa kipuri unapouma. Feiza inapitisha sauti kwenye hatua kadhaa za kusogeza awamu, kisha inaichanganya na sauti halisi. Pale awamu zinapopingana, masafa fulani yanafutana, na panabaki mashimo. Kila hatua mbili zinatoa shimo moja, kwa hiyo hatua nne zinatoa mawili. Kwa kapasita ya 47nF na rezista ya 10k katika kila hatua, mashimo yanakaa karibu na 140 Hz na 820 Hz. Osileta ikibadilisha rezista zote nne kwa pamoja, mashimo yote mawili yanatembea, na huko kutembea ndiko sikio linakokuita kuzunguka. Ukiweka kapasita za 22nF, kila kitu kinahamia juu zaidi ya mara mbili. Jaribuni hilo kwenye bredibodi, mtajifunza zaidi kuliko kusoma.

Lililo gumu ni "zote nne kwa pamoja". MXR Phase 90, iliyotoka 1974 na ambayo michoro yake imeenea kuliko yoyote, inatumia JFET nne, aina ya transista, kama rezista zinazobadilika. JFET za namba moja, hata kutoka mfuko mmoja, hazifanani. Moja inajifunga kwa volti 1.5, nyingine kwa 3. Ukiziunga hivyohivyo, moja inakuwa imefunguka wazi wakati nyingine zimelala, na mzunguko unakuwa hafifu au unasikika kwenye kipande kidogo tu cha poti. Juu ya hayo, JFET nyingi za miguu mirefu zimeachwa kutengenezwa, na zinazouzwa kwa bei ya kutupa mtandaoni mara nyingi ni transista nyingine zilizopigwa chapa upya.

Kama umeamua kuitengeneza, nunua nyingi na uzipime. Miguu yake mitatu ni dreni, geti na sosi: volti 9 kwenye dreni, geti ardhini, sosi iende ardhini kupitia rezista ya 10k, kisha soma volti kwenye hiyo rezista. Ichomeke kwa koleo au isubiri ipoe, kwa sababu joto la vidole linatosha kusogeza namba. Iandike namba kwenye kipande cha tepu na uibandike mguuni. Ukipata nne zisizopishana zaidi ya volti 0.05, hizo ni seti. Ikiwa transista haisomi chochote chenye maana, au inasoma karibu na volti 9, iweke pembeni. Si JFET unayoidhania au imekufa.

Njia mbili zinakwepa usumbufu huo. Ya kwanza ni LDR tena, nne zikizunguka taa moja ndani ya kiboksi cheusi. Ndivyo ilivyotengenezwa Uni-Vibe ya Japani ya miaka ya 1960, ambayo Jimi Hendrix aliifanya ijulikane: balbu moja katikati, LDR nne kuizunguka. Zaidi ya hapo, kapasita zake kwenye hatua nne hazilingani, zinaanzia 470pF hadi 220nF, ndiyo maana mzunguko wake unayumba na si wa duara kamili. Tofauti ndogo za LDR humo hazisumbui. Njia ya pili ni chipu ya LM13700, ambayo bado inatengenezwa, na kila moja ina vikuza mkondo viwili vilivyotoka kwenye kipande kimoja cha silikoni. Chipu mbili zinatosha hatua nne, hakuna kupima wala kulinganisha. Mchoro wake unaonekana mgumu zaidi kwenye karatasi, lakini kwa mtu aliye mbali na wauzaji wakubwa wa vipuri mimi naona ndiyo feiza yenye uhakika kuliko zote.

Mkishaijenga feiza, kwenye michoro mingi kuna rezista moja inayorudisha sauti kutoka hatua ya mwisho kwenda hatua za mwanzo. Iungeni kupitia swichi. Ikiwepo, mzunguko unakuwa mkali. Ikiondolewa, unakuwa laini. Anayepiga solo la seben kwa kasi na sauti safi ataitaka ile laini, kwa sababu ile kali inameza nota. Anayepiga na distoshani ataifurahia kali, kwani distoshani inaongeza masafa mengi ya juu na mashimo yanapata kitu cha kukata.

Korasi ni ngazi nyingine. Hapa kipuri kinachotikiswa ni chipu ya kuchelewesha. Zile za analojia, zilizobuniwa na wahandisi wa Philips mwaka 1969, zinahamisha chaji kutoka kapasita moja hadi nyingine, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo kutoka kisimani hadi kwenye nyumba inayoungua. MN3007, iliyo ndani ya korasi nyingi mashuhuri, ina vituo 1024. Muda wa kuchelewa ni idadi ya vituo igawanywe kwa mara mbili ya kasi ya saa ya chipu: saa ikiwa 100 kHz, kuchelewa ni milisekunde 5.12; ikiwa 50 kHz, ni 10.24. Osileta yenu inaitikisa saa hiyo, na sauti iliyochelewa inapanda na kushuka toni kidogo juu ya ile halisi.

Kwa betri ya volti 9 chagueni michoro ya MN3207 na chipu yake ya saa, MN3102, maana hizo zilikusudiwa volti ndogo. MN3007 inapenda volti 15. Coolaudio inatengeneza zinazolingana nazo, V3207 na V3102. Tumieni soketi, msilehemu chipu moja kwa moja. Na kuna trima (poti ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi) moja ya bayasi, yaani ya kuweka volti ya kati ya chipu: ikiwa nje ya mahali pake, sauti haitoki kabisa au inatoka imechanika. Izungusheni polepole huku mtu akipiga nyuzi mfululizo. Msihukumu saketi kabla ya kuipitisha trima hiyo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

Kama hizo hazipatikani, PT2399 ipo. Ni chipu ya kidijitali iliyojaa kwenye mikser za karaoke, ndiyo inayotoa mwangwi wa mikrofoni, na fundi redio yeyote anayetengeneza mikser anaijua. Inahitaji volti 5, kwa hiyo wekeni 78L05, kipuri cha kushusha umeme hadi volti 5. Rezista ya mguu wa 6 ndiyo inayoamua muda, na osileta inaingizwa hapohapo kupitia rezista kubwa. Haishuki chini ya milisekunde 30 hivi, kwa hiyo korasi yake ni nzito kidogo, kama magitaa mawili yanapiga pamoja. Rezista ya mguu wa 6 ikiwa chini ya 2k wakati wa kuwasha, chipu inaweza kukwama kimya mpaka uzime umeme na uwashe tena.

Flenja iacheni kwa sasa. Inatumia chipu zilezile za analojia, ila saa yake inapaswa kutembea masafa mapana sana, trima ni nyingi, na bila kifaa cha kupima kasi ya saa utakuwa unakisia. PT2399 haiwezi kuifanya, kuchelewa kwake ni kurefu mno.

Jambo la mwisho kwa atakayechagua korasi: kwenye saketi nyingi kuna rezista moja inayopeleka sauti halisi kwenye mchanganyiko. Ukiikata kwa swichi, inabaki sauti iliyochelewa peke yake, nayo ni vibrato. Pangeni mahali pa swichi hiyo kabla ya kutoboa boksi, kwa sababu vumbi la aluminiamu likiingia kwenye saketi iliyokwisha kufungwa mtalitafuta kwa brashi na tochi jioni nzima.