Bonsai Yangu ya Kwanza Ilikufa Ikiwa ya Kijani

Bonsai ni mti unaolelewa chunguni na kupogolewa ubaki mdogo, na yangu ya kwanza niliimwagilia maji wiki kadhaa baada ya kufa. Ulikuwa mreteni (juniper) mdogo, wa zawadi, na mreteni una tabia moja mbaya: mizizi ikishakufa, majani huendelea kuwa ya kijani kwa muda mrefu kana kwamba hakuna msiba. Siku moja nikakwaruza gome kwa ukucha. Badala ya ubichi wa kijani nikakuta ukavu wa kahawia. Kumbe nilikuwa nalea kuni.

Mreteni si mti wa ndani. Unataka jua, upepo na majira ya baridi ya kupumzika, na sebule haina hata kimoja. Japani kwenyewe bonsai hukaa nje. Tunaotaka kufuga mti chini ya paa itubidi tuchague jamii za nchi za joto, zisizohitaji baridi, na kwa anayeanza mimi sioni wa kushindana na fikasi. Ni ndugu wa mkuyu, na ina roho ya paka. Ukiileta nyumbani huenda ikapukutisha majani wiki za mwanzo kwa sababu imehamishwa. Iache hapo hapo ulipoiweka. Mimi niliihamisha mara tatu nikiitafutia nafuu, na kila nilipoihamisha ikapukutisha tena.

Iweke dirishani, tena nasema dirishani kweli, karibu na kioo, kwenye dirisha lenye mwanga kuliko yote. Macho yetu huzoea kiza haraka, hivyo chumba tunachokiona cheupe, kwa mti ni giza la magharibi. Yangu niliiweka juu ya meza katikati ya chumba ili wageni waione. Ikarefuka ikalegea, majani makubwa yaliyoachana, kama mtu aliyenyoosha shingo kuchungulia. Ilipofika dirishani, machipukizi mapya yakatoka mafupi, yamebanana. Sasa kila wiki nazungusha chungu kidogo ili isiegemee upande mmoja.

Tukija kwenye maji, hapo ndipo miti mingi inapofia. Kikaratasi kilichokuja na ule mreteni kilisema nimwagilie mara mbili kwa wiki, nami nikatii kama dozi ya hospitali. Mti hauijui Alhamisi. Wiki ya joto chungu hukauka kwa siku moja, wiki ya mawingu hukaa na unyevu siku nne. Chomeka kidole kwenye udongo, kama sentimita 2, au choma kijiti cha mishikaki, ngoja dakika kumi, ukichomoe. Kikitoka na unyevu, ondoka. Kikikaribia kukauka, mwagilia, na si kwa kunyunyiza juu juu: mimina taratibu mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, ngoja kidogo, mimina tena.

Angalia hili pia. Udongo uliokauka kabisa hukataa maji. Yanapita pembeni, yanachuruzika chini, wewe unaridhika, kumbe katikati ni vumbi. Ikifika huko, tumbukiza chungu kwenye beseni mpaka mapovu yaishe. Na kama bonsai yako ilikuja na vijiwe vilivyogandishwa kwa gundi juu ya udongo, vibandue leo. Vyangu niliving'oa kwa bisibisi, na chini yake nikakuta udongo wa mfinyanzi mgumu kama tofali, mizizi imekosa hewa.

Ndiyo maana watu wa bonsai hutumia changarawe za pumisi (jiwe jepesi lenye vitundu), mawe ya volkano au udongo wa Kijapani uitwao akadama, punje za milimita 2 hadi 5. Maji hupita, hewa huingia. Kubadilisha udongo na kupunguza mizizi ni kazi ya kila miaka miwili au mitatu, mti ukiwa kwenye nguvu za kukua. Mbolea ya maji naitia nusu ya kipimo, wakati inapochipua tu.

Kupogoa kunatisha kuliko kunavyostahili. Acha chipukizi la fikasi lifike majani sita au nane, kisha kata ubakize mawili au matatu. Utomvu mweupe utatoka. Ufute kwa kitambaa kibichi kabla haujafika kwenye shati, kwani hautoki.

Waya wa kuzungushia tawi ili lishike umbo ndio ulionishinda. Nilifunga tawi moja nikasafiri, niliporudi tawi lilikuwa limenenepa na waya umezama kwenye gome. Ukikuta hivyo usiuzungushe kuufungua, utachuna gome. Ukate vipande vipande kwa koleo. Mimi niliuzungusha. Kovu lake bado lipo, limejisokota kama kamba, na nimeligeuzia ukutani.