Kiungo wa Kibrazili anafuata nini Dar? Jibu kutoka São Paulo

Kila dirisha la usajili likifunguliwa mnaleta swali lilelile: kama huko Brazil mpira ndio uhai wa watu, kiungo wao anafuata nini Dar, Kolkata au Malta? Nyuma yake linakuja la pili, la wazazi na kaka wakubwa: kijana wetu naye tukimleta São Paulo, atatoka? Nayajibu yote mawili, na la kwanza litachukua nafasi kubwa, kwa sababu mkilielewa hilo la pili halitakuwa na ugumu.

Anzeni kwa kumweka Neymar pembeni. Mwaka 2016 Shirikisho la Soka la Brazil, CBF, lilitoa hesabu za mikataba ya mwaka uliotangulia. Wachezaji wa kulipwa walikuwa zaidi ya 28,000, na asilimia 82 kati yao walikuwa na mshahara usiozidi reali 1,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara nchini mwaka 2015 kilikuwa reali 788. Yaani mchezaji wa kawaida hapa alikuwa akipokea karibu sawa na mlinzi wa getini, na mlinzi ana kazi miezi 12. Mchezaji hana.

Hapo kwenye miezi ndipo penye mzizi wa jambo. Brazil ina majimbo 26 pamoja na wilaya ya mji mkuu, na kila moja lina shirikisho lake na ligi yake. Ligi hizo huanza Januari na kwisha Machi au Aprili. Inayobaki ni ligi ya taifa yenye madaraja manne: Série A, B na C zina timu 20 kila moja, na Série D kwa miaka kadhaa ilikuwa na timu 64, kabla ya kupanuliwa hadi 96 kwa msimu wa 2026. Klabu za kulipwa nchini ni mamia. Timu ikitolewa kwenye ligi ya jimbo bila kuwa na nafasi katika madaraja hayo, mara nyingi inakaa bila mashindano ya maana hadi Januari inayofuata. Bila mechi hakuna viingilio, mdhamini anaondoka, na hakuna wa kulipa kikosi cha watu 28.

Ndiyo maana klabu ndogo hukusanya wachezaji Novemba au Desemba, hufanya maandalizi ya wiki chache na kusaini mikataba inayokwisha Aprili. Sheria inaruhusu: mkataba wa mchezaji hauwezi kuwa chini ya miezi 3 wala kuzidi miaka 5, na walio wengi wako karibu na hiyo 3. Kiungo wa namna hii akifika miaka 28 anaweza kuwa amepita klabu 12 au 15. Mnapofungua wasifu wake mtandaoni mkaona timu tatu ndani ya mwaka mmoja, msiseme huyu mkorofi. Tazameni tarehe. Kama kila mkataba umekwisha Aprili, aliyemwondoa ni ratiba.

Na hiyo miezi minne yenyewe ina mitego yake. Jina la mchezaji lazima litoke kwenye BID, taarifa ya usajili ambayo CBF huitoa kila siku. Lisipotoka, hachezi, hata kama kafanya mazoezi na wenzake mwezi mzima. Karatasi moja ikichelewa wiki ya kwanza ya Januari anaweza kukosa mechi mbili tatu, na timu isiyofika hatua ya mtoano haichezi mechi nyingi katika ligi ya jimbo. Mechi mbili tatu ni sehemu kubwa ya maonyesho yake ya mwaka.

Halafu malipo. Mara nyingi pesa inagawanywa: sehemu ni mshahara ulioandikwa kwenye kitabu cha kazi, sehemu inaitwa haki ya picha, yaani malipo ya klabu kutumia jina na sura yake. Kwenye mshahara mwajiri analazimika kuweka asilimia 8 katika mfuko wa akiba wa mfanyakazi, FGTS, na kulipa mshahara wa 13 mwisho wa mwaka. Kwenye haki ya picha halazimiki. Sheria imeweka ukomo wa sehemu hiyo, lakini klabu yenye hali ngumu huisukuma hadi mwisho wa ukomo, na ndiyo huwa ya kwanza kucheleweshwa. Sheria ya michezo ya 2023 imempa mchezaji haki ya kuvunja mkataba akiidai klabu mishahara ya miezi miwili. Ile ya 1998, Lei Pelé, ilitaka mitatu. Ni hatua nzuri, ila pigeni hesabu. Kwenye mkataba wa miezi minne, miezi miwili ya deni ikitimia ligi imebaki wiki chache. Anayevunja mkataba Machi hapati timu nyingine hadi katikati ya mwaka, na kesi kwenye mahakama ya kazi ni ya muda mrefu, dhidi ya klabu ambayo pengine haimiliki hata uwanja. Wengi wanameza.

Goti likikatika ligamenti ya mbele, kupona ni miezi 6 hadi 9, kuzidi mkataba wenyewe. Klabu inatakiwa kumkatia bima na kugharimia matibabu. Wachezaji wenye uzoefu huomba nakala ya bima siku ya kusaini. Baada ya kuumia, kuipata nakala hiyo ni shughuli.

Kati ya Mei na Desemba wanaishije? Baadhi wanapata Série D au daraja la pili la jimbo, ambalo katika baadhi ya majimbo huchezwa baadaye. Wengine wanacheza várzea, mpira wa mitaani wa Jumapili hapa São Paulo, ambako timu kubwa za mtaa huwalipa kwa mechi, taslimu. Wapo wanaoendesha gari za abiria. Mwenye mtoto asiyeishi naye yuko pagumu zaidi: amri ya mahakama ya matunzo haisimami kwa sababu mkataba umekwisha, na Brazil asiyelipa anaweza kufungwa mwezi 1 hadi 3. Mnapomwona mtu amekubali ofa ya nchi ambayo hawezi kuionyesha kwenye ramani, mara nyingine sababu ni hiyo.

Kwa kiungo kuna ugumu wa ziada. Mshambuliaji anauzwa kwa video ya dakika tano yenye mabao. Kiungo mkabaji, namba sita, kazi yake ni kuziba njia, kupokea pasi akiwa amewapa mgongo wapinzani, kusogea hatua mbili kabla hatari haijafika. Haionekani kwenye video fupi. Mnunuzi makini huomba mechi nzima, ikiwemo ambayo timu ilifungwa. Asiyekuwa na mechi zilizorekodiwa vizuri, na madaraja ya chini ya majimbo mengi hayarekodiwi vizuri, anabaki mikononi mwa wakala na maneno yake. Isitoshe, ligi zenye ukomo wa wageni hupenda kutumia nafasi hizo kwa wafungaji. Kiungo mkabaji anayesafiri mara nyingi ndiye anayekubali pia kucheza beki wa kati.

Gerson Fraga mnamjua. Alikuwa nahodha wa Brazil ya chini ya miaka 17 mwaka 2009, kikosi cha Neymar, Philippe Coutinho, Casemiro na kipa Alisson, kilichotolewa hatua ya makundi kwenye Kombe la Dunia la vijana Nigeria. Alilelewa Grêmio. Miaka kumi baadaye, baada ya kucheza India, Mumbai City na ATK ya Kolkata, tena mara nyingi kama beki, alitua Simba 2019 na kupangwa kiungo mkabaji. Alichukua ubingwa wa 2019/20, akaumia goti mapema msimu uliofuata, na safari yake Msimbazi ikaishia hapo. Nafasi ikajazwa na Taddeo Lwanga wa Uganda. Watani walisema angekuwa mzuri asingefika Dar. Nawakatalia. Kati ya nahodha wa taifa wa miaka 17 na mchezaji wa Real Madrid kuna mlango mwembamba sana, na wanaobaki nje yake nao ni wachezaji wa kweli.

Wapo waliozunguka kisha wakatoka. Paulinho aliondoka akiwa na miaka 17 kwenda FC Vilnius ya Lithuania, akahamia ŁKS Łódź ya Poland, akabaguliwa kwa rangi yake, akarudi nyumbani nusura aache mpira. Alianza upya daraja la nne la jimbo la São Paulo na Pão de Açúcar, akapita Bragantino, akafika Corinthians 2010. Mwaka 2012 akabeba Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, na Kombe la Dunia la klabu. 2017 Barcelona ikamnunua kutoka China kwa euro milioni 40. Marcos Senna alipita Rio Branco, América ya São José do Rio Preto, Corinthians, Juventude na São Caetano kabla ya kwenda Villarreal 2002, na akawa bingwa wa Ulaya na Hispania mwaka 2008, zikibaki wiki chache atimize miaka 32. Wote wawili walipata mahali pa kucheza mfululizo kwa misimu kadhaa. Mzungukaji wa kawaida hilo ndilo analolikosa: kocha wa kumvumilia zaidi ya Aprili.

Ofa ya nje ikija, mambo ya kukagua ni yaleyale awe anakwenda Thailand, Oman au Tanzania. Kiasi kiandikwe kwa fedha gani, na kama ni kabla au baada ya kodi. Ugomvi mwingi huanzia hapo. Nyumba, tiketi za kwenda na kurudi, bima na tarehe ya malipo viwe ndani ya mkataba, si kwenye ujumbe wa simu. Kanuni za FIFA haziruhusu mkataba uliosainiwa kutegemea kufaulu vipimo vya afya au kupata kibali cha kazi: klabu inatakiwa kupima kwanza, ndipo isaini. Ikimsainisha leo na kumrudisha kesho kwa sababu ya goti, ana haki ya kudai. Shirikisho la nchi anayokwenda huomba ITC, cheti cha uhamisho wa kimataifa, kupitia mfumo wa FIFA, na dirisha likifungwa kabla maombi hayajaingizwa, atakaa jukwaani hadi dirisha jingine.

Akiidai klabu mishahara miwili, anaiandikia barua na kuipa siku 15. Isipolipa, anaweza kuvunja mkataba na kwenda FIFA, ambako mchezaji halipii gharama za shauri. Asichelewe kupita miaka 2 tangu tukio. Klabu ikishindwa na isilipe, inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu, na hiyo ndiyo lugha ambayo viongozi wa klabu wanaielewa haraka. Mengi hukwama kwa ushahidi: aliyepokea mishahara mkononi bila risiti hana cha kuonyesha.

Sasa la pili. Kijana aliye chini ya miaka 18 hawezi kuhamishwa kimataifa kwa ajili ya mpira, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhamia nchi hiyo kwa shughuli zisizohusu mpira. Wakala anayewaambia "mleteni akiwa na 15, tutamweka akademi" anawatoza kwa kitu ambacho hakiwezi kusajiliwa. Akija hivyo atafanya mazoezi bila kucheza mechi rasmi, na visa ikiisha atakuwa hana karatasi. Vijana wa Kibrazili wenyewe huanza mkataba wa malezi wakiwa na 14 na wa kulipwa kuanzia 16, na akifika 20 bila mkataba wa kulipwa njia karibu imefungwa. Kuhusu mabweni, ombeni kuyaona na ulizeni cheti cha zimamoto. Tarehe 8 Februari 2019 moto uliwaua vijana 10 wakiwa wamelala kwenye makontena ya kituo cha Flamengo, klabu tajiri kuliko karibu zote hapa.

Akiwa na 18 na zaidi, sheria haimzuii, soko ndilo linamzuia. Tangu 2024 timu za Série A zinaruhusiwa wageni 9 kwa mechi, na nafasi hizo kwa sehemu kubwa zinachukuliwa na Waargentina, Wauruguay, Wakolombia na Waekuado. Yannick Bolasie wa Kongo alipata nafasi Criciúma 2024, lakini alikuja akiwa na miaka ya Ligi Kuu ya Uingereza mgongoni. Klabu ya daraja la chini haina sababu ya kuhangaika na kibali cha mgeni wakati mlangoni kuna vijana mia wa mtaani kwao wanaosubiri majaribio.

Kama bado mna nia, msitume pesa kabla ya kuwa na barua ya mwaliko yenye jina la klabu, tarehe na sahihi, na mpige simu klabuni kwa namba mliyoitafuta wenyewe, si aliyowapa wakala. Jina la wakala litafuteni kwenye orodha ya FIFA ya mawakala wenye leseni. Na kijana aje na mechi nzima tatu zilizorekodiwa, cheti cha kuzaliwa na tiketi ya kurudi iliyokwisha kulipiwa.