Zuhura achomwe sindano ya mionzi?

SWALI: Shikamoo dada. Binti yangu Zuhura ana miaka mitatu, kilo 12. Mwaka huu ameugua UTI mara tatu, na daktari anataka apigwe picha ya figo kwa sindano ya mionzi. Mama mkwe kakataa katakata. Anasema shangazi yao alipewa mionzi akafungiwa chumba cha peke yake. Nifanyeje? – Mama Zuhura, Tanga

JIBU: Marahaba, Mama Zuhura. Mama mkwe msimcheke. Huenda shangazi alipewa ayodini ya kutibu tezi la shingo. Hiyo huunguza tezi kwa makusudi, na mionzi yake hupungua kwa nusu kila siku 8. Zuhura atachomwa teknishiamu, yaani chembe ya mionzi, iliyofungwa kwenye DMSA, dawa inayong'ang'ania figo. Yenyewe hupungua kwa nusu kila saa 6. Kesho yake saa ile ile imebaki sehemu moja kati ya 16, bado hujatoa aliyoikojoa.

Kamera yenyewe haitoi mionzi, inapokea tu inayotoka kwa mtoto. Hal Anger aliibuni kule California miaka ya 1950. Kabla yake mashine ilipita juu ya mgonjwa mstari kwa mstari, kama mtu anayepiga deki. Mtoto gani angetulia?

Ila mimi ninayeshinda nikiwapiga watoto picha hizi, badiliko ninalolipenda limo ndani ya bomba la sindano. Mwaka 2008 hospitali 13 za watoto za Amerika Kaskazini zilipoulizwa dozi zao, zilipishana vibaya mno, kila mmoja na mkono wake. Mwongozo wao wa 2010 ukasema DMSA ipimwe kwa uzito: megabekereli (kipimo cha mionzi) 1.85 kwa kilo. Kwa Zuhura ni kama 22. Muulize atakayemchoma ni dozi gani, asikasirike, ni haki yako.

Akishachomwa mtakwenda kula, mrudi baada ya saa 2 au 3. Hapo kazi ni kutulia. Juzi mtoto alitikisa kiuno kidogo tu, figo ya kushoto ikatoka kama mbili. Tukarudia picha, bila sindano ya pili. Njoo na khanga anayolalia, tumfunge nayo kama kichanga. Akisinzia, nitakushukuru.

Muulize pia daktari anatafuta nini. Kama ni makovu, kwa kawaida husubiriwa miezi kadhaa tangu UTI ya mwisho, maana figo yenye uvimbe mpya hufanana na yenye kovu.

Na kama una mimba, sema mapema. Siku hiyo abebwe na baba yake.