Gitaa kavu la nyumbani: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii yametoka Lubumbashi karibu yote, na wote mnataka kitu kimoja: gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, la kupigia nyumbani, jioni, jirani akiwa upande wa pili wa ukuta. Nimeyafupisha kidogo, na kwenye mabano ni mtaa wa aliyeuliza.

Yaya, ndugu yangu wa Bruxelles anakuja Noeli. Anasema nichague: Martin D-28 ao Gibson J-45. Nitapigia tu salon. Nichukue gani? (Papa mmoja, Bel-Air)

Papa, ndugu wa namna hiyo mtunze vizuri.

D-28 ni gitaa la tumbo kubwa. Kampuni ya Martin walianza kulitoa umbo hilo kwa jina lao mwaka 1931, enzi ambazo mpigaji alitaka sauti ya kutosha bila mikrofoni. Besi yake inajaa chumba kizima. Ukipiga akodi kwa mediatori, kile kijiplastiki cha kukwaruzia nyuzi, huku watu kumi wakiimba, utalipenda. Lakini ukikaa peke yako saa tatu usiku ukipapasa nyuzi kwa vidole, ni kuwasha lori la mgodini kwenda kununua mkate.

J-45, iliyotoka mwaka 1942, nayo si ndogo, ila mabega yake yameinama na ubavu wake ni mahogani. Sauti yake ni kavu, haikawii hewani, na inamwachia mwimbaji nafasi. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: urefu wa uzi unaopiga. Kwa D-28 ni kama milimita 645, kwa J-45 kama 628. Uzi mfupi unalegea kidogo, na mkono wa kushoto hauchoki mapema. Kati ya hayo mawili, chagua J-45.

Ila kama ndugu hajalipa, mwambie aulizie 000-28. Ni Martin hao hao, tumbo dogo zaidi, kiuno kimebanwa, uzi wa milimita 632. Linakaa pajani bila kukuinua bega la kulia, na ukiligusa kidogo tu linaitika. Mimi ningechukua hilo bila kufikiri mara mbili. Na aje nalo ndani ya kasha gumu, si mfuko wa kitambaa.

Na sisi tusio na ndugu Bruxelles? (Ruashi)

Yamaha FS800. Ni mdogo wake FG800 kwa tumbo, na uso wake ni ubao mzima wa mti wa episea, si mbao nyembamba zilizogandishwa. Kwa pesa ya kawaida sijaona la kulipita kwa kazi ya nyumbani.

Nataka kupiga ule mutindo wa zamani wa Katanga, wa Mwenda Jean-Bosco. Natafuta gita ya namna gani? (Kijana wa Katuba)

Swali hili limenifurahisha. Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na mwaka 1969 alifika kupiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Kazi yote hiyo aliifanya kwa vidole viwili vya mkono wa kulia: gumba na shahada. Gumba linashika besi bila kuyumba, shahada inaimba juu na kulijibu.

Kwa hiyo unatafuta gitaa ambalo sauti hizo mbili hazichanganyiki. Tumbo kubwa litakuponza, kwa sababu besi inaimeza shahada. Tafuta lenye kiuno: 000 ya Martin, OM yao yenye tumbo kama hilo, au FS niliyoitaja hapo juu. Angalia na upana wa shingo pale nyuzi zinapoingia kichwani. Milimita 43 ni finyu kwa wengi wetu. 44 na nusu inapumua.

Dukani fanya hivi. Gumba lipige uzi wa tano na wa nne kwa zamu, polepole kabisa, na shahada iguse uzi wa pili na wa kwanza katikati ya mapigo. Ukisikia mvumo mmoja tu, lirudishe ukutani hata kama lina jina kubwa. Na usione aibu kuomba kukaa chini ulijaribu. Gitaa halichaguliwi umesimama mlangoni.

Gita yangu ilipasuka kwenye uso mwezi wa nane, hakuna mutu aliiangusha. Ni ulozi? (Mama wa Kamalondo)

Hapana mama, ni kiangazi. Mvua zikikatika hewa yetu inakauka miezi mingi mfululizo, na ubao mzima unasinyaa. Gitaa linapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Lisitundikwe ukutani chini ya bati. Liweke ndani ya kasha, na humo weka kisahani cha sabuni chenye matundu, ndani yake sifongo iliyoloweshwa kisha ikakamuliwa hadi isidondoshe hata tone. Uiloweshe tena kila inapokauka. Ufa wenyewe fundi anaubandika kwa gundi ya mbao, usikubali misumari. Nimeona misumari.

Muuzaji anasema gitaa lake ni la mbao ya palisanda ya Brazili, mpya, ndiyo maana ni ghali. (Golf)

Muulize karatasi. Biashara ya kimataifa ya mti huo ilibanwa mwaka 1992 na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, na Martin wenyewe walihamia palisanda ya India mwaka 1969. Jipya la Brazili bila hati, achana nalo. Mti wetu wa mkula nao uliingizwa kwenye orodha za CITES mwaka 2019, kwa hiyo mchezo huo si wa Brazili peke yake.

Nimeona gitaa la mitumba, nyuzi ziko juu sana. Nilipime vipi? (Kampemba)

Nenda na kadi sita za benki. Zipange tatu pamoja, uziingize kati ya uzi mnene na kile chuma cha kumi na mbili cha shingo. Zikipita kwa kugusa kidogo, urefu ni mzuri, zaidi kidogo ya milimita mbili. Ikiwa zote sita zinapita bila kugusa, uliza kwanza fundi atataka ngapi. Kisha chukua karatasi, jaribu kuichomeka nyuma ya daraja linaloshika nyuzi tumboni. Ikiingia, daraja limeanza kung'oka.

Naweza kufunga nyuzi za chuma kwenye gita ya nailoni ya mutoto? Nailoni iko na sauti ndogo. (Kenya, komini ya Lubumbashi)

Usifanye. Nyuzi za chuma, hata nyepesi, zote pamoja zinavuta kwa kilo zaidi ya 60; za nailoni ni kama 40, na gitaa la nailoni limejengwa kwa uzito huo. Daraja litang'oka au uso utavimba. Mwachie nailoni, haimuumizi vidole. Akitaka sauti kubwa, akae kwenye kona ya chumba, mgongo ukutani.