Shangazi, nilishuhudia nimepona, wiki hiyo hiyo nikalazwa

Binti wa Isevya, Tabora, kaniandikia. Ana miaka 24, ana sikoseli toka utotoni. Mwezi wa saba alifunga kavu siku tatu, ya mwisho wakakesha, akaombewa akasikia mwili mwepesi, akapewa maiki akashuhudia amepona. Foliki, vile vidonge vya kusaidia mwili kutengeneza damu, akaacha. Siku mbili baadae mifupa ikaanza kumkata, akalazwa. Sasa kuna dada wa kwaya anamwambia uponyaji kaupoteza kwa kukosa imani, ibadani kaacha kwenda, kuomba haombi, anauliza Mungu kamkasirikia sababu alidanganya madhabahuni?

Mwanangu pole. Huo mfungo ndo umenikaba koo nikikusoma. Siku tatu bila tone la maji, halafu mkesha chini ya turubai, na baridi la Tabora la saa kumi usiku unalijua, lile bodaboda anavaa makoti mawili. Ukiwa na sikoseli mwili ukikauka maji zile seli nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba vimishipa vidogo damu haipiti, na baridi nayo inachochea, ndo hayo maumivu. Hata ungekuwa na imani ya Ibrahimu ungelazwa tu.

Ulidanganya nini sasa? Ulisikia mwepesi ukasema nimesikia mwepesi, neno kupona lilikuja na shangwe za watu. Huna haja ya kurudi kwenye maiki. Mfuate mchungaji pembeni, mwambie nililazwa, narudi kwenye dawa, basi.

Na huyo dada wa kwaya mfungulie 2 Timotheo 4:20. Paulo, ambaye leso zake tu zilikuwa zinaponya watu, anaandika "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Hawezi, Kiswahili cha wazee hicho, maana yake mgonjwa. Kamwacha mwenzake wa safari mgonjwa, kasonga mbele, wala hasemi Trofimo alikuwa na dhambi gani. Na yeye mwenyewe Paulo kaomba mara tatu ule mwiba wa mwilini uliokuwa unamtesa utoke, haukutoka. Naamini Mungu anaponya mwanangu, nimeona, ila sijaona anamkaripia mgonjwa kwa kuumwa.

Kuomba, usisubiri upate maneno mazuri. Soma Zaburi 88, mtu analalamika toka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho na anaishia gizani, na bado wameiacha kwenye Biblia. Uko kitandani goti linagonga, mwambie hivyo hivyo, Baba goti linauma na nimekukasirikia. Hayo ndo maombi.

Foliki anza leo, kliniki nenda uwaeleze ukweli kwamba uliacha, na ukipata homa au kifua kikabana usingoje asubuhi. Ukitaka kufunga, funga soda, funga simu. Mkesha ukienda beba blanketi na chupa ya maji, na hiyo chupa usiifiche kwenye pochi, iweke juu ya benchi hapo dada wa kwaya aione.