Re: Malori usiku, Dar–Mbeya
Mkuu umeuliza utayakwepaje malori ukiendesha Dar–Mbeya usiku kwa mara ya kwanza, ndugu yangu kama unaweza toka alfajiri bana. Usiigande semi kwa nyuma, usipoona uso wa dereva kwenye saitimira yake ujue na yeye hakuoni. Pale Kitonga, ule mlima mkali wa Iringa, semi zinapanda taratibu mpaka unachoka, vumilia tu, hata akikuwashia indiketa ya kushoto upite angalia mbele mwenyewe. Ukikuta matawi ya miti yamewekwa kwenye lami punguza mwendo hapohapo, kuna lori limekufa mbele na mara nyingi halina taa hata moja, mi mwaka juzi kidogo niingie uvunguni. Usingizi ukija paki sheli ulale hata dakika 20, kahawa haitoshi.