Unataka Kusoma Masta ya Haki Jinai? Soma Hii Kwanza

Wiki iliyopita askari magereza mmoja aliniandikia inboksi: "Dada, hongera, nimeona picha zako. Na mimi nataka kusoma masta ya haki jinai. Nianzie wapi?" Haki jinai ni safari nzima ya kesi ya jinai, kuanzia polisi, mahakamani hadi magereza. Nilimjibu kwa ufupi nikiwa kwenye daladala, lakini jibu lenyewe ni refu. Najua wengi mnaonisoma mna kiu hiyo hiyo, mapolisi, makarani, mawakili vijana, maafisa ustawi wa jamii. Basi nalileta hapa lote.

Nianze na furaha yangu. Mwezi uliopita nilitetea tasnifu yangu mbele ya jopo na nimefaulu. Binti wa mama lishe, karani wa mahakama ya wilaya, leo nina shahada ya uzamili. Namshukuru Mungu na ninalisema kwa sauti, kwa sababu wapo waliouliza karani anasomea nini wakati kazi yake ni kupanga majalada. Bosi mmoja alilikalia ombi langu la ruhusa ya masomo mpaka muhula ukaanza, kisha akaniambia, "Haki jinai waachie mahakimu." Neno lile linanichoma mpaka leo. Nilisoma jioni, kwa ada ya mikopo ya vikoba, na sikumwomba tena.

Sasa sikilizeni. Majalada hayo hayo ndiyo yaliyonipa swali la utafiti. Fungua jalada la kesi ya mauaji, utaona kurasa za mwanzo za mwenendo, yaani kumbukumbu za yanayotokea mahakamani, zinafanana: tarehe, jina la hakimu, mwendesha mashtaka, mshtakiwa yupo, halafu mstari mmoja, upelelezi haujakamilika, kesi itajwe tarehe fulani. Chini yake tena hivyo hivyo. Wino unabadilika, hakimu anahamishwa na mwandiko unabadilika, mstari ni ule ule. Kesi hiyo inaanzia mahakama ya chini isiyo na mamlaka ya kuisikiliza, ndiyo maana mshtakiwa anaambiwa hatakiwi kujibu chochote. Mauaji hayana dhamana, kwa hiyo anarudishwa rumande. Na Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Mimi nilikuwa naviona vyote viwili juu ya meza moja, kila siku ya kazi. Nikajiuliza: kati ya "haujakamilika" hii na inayofuata, ni kitu gani hasa kinafanyika?

Swali hilo ndilo lililonibeba. Msimamizi wangu wa kwanza alitaka niliache. Hoja yake ilikuwa kwamba Januari 2023 Rais Samia alishaunda Tume ya haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, Tume ikakabidhi ripoti Julai mwaka huo, sasa mimi naongeza nini? Nilikataa. Tume ilitazama taasisi za nchi nzima, mimi nilitaka kumfuata mtu mmoja kutoka tarehe hadi tarehe. Sura yangu ya pili ilirudishwa bila maelezo mara nyingi kuliko ya mwenzangu yeyote, nikalia, nikaandika upya, nikabaki na swali langu. Kwenye difensi ndilo walilolisifia.

Darasani utafaidi sana ukikaa na watu wa idara nyingine. Tulisoma hukumu mbili za mwaka 2020 kuhusu kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa baadhi ya makosa: Mei Mahakama Kuu ilisema kinakiuka Katiba, Agosti Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mawakili na mapolisi waligombana mpaka mlinzi akaja kufunga chumba. Siku nyingine mada ilikuwa Cesare Beccaria, mwanafikra wa Italia aliyeandika mwaka 1764 kwamba kinachozuia uhalifu zaidi ni uhakika wa adhabu kuliko ukali wake. Mpelelezi mmoja akanyoosha mkono: "Huo uhakika nitautoa wapi, sampuli iko maabara na gari la kituo halina mafuta?" Nilijifunza kwake kuliko kwa slaidi zote.

Ndugu zangu, tuache kusomea cheo. Ukienda kwa ajili ya kupanda daraja tu, utachoka kwenye pendekezo la utafiti na utabaki na ada uliyolipa. Nenda na swali linalokukera kazini. Narudia, nenda na swali. Mahakama, Polisi na Magereza kila mmoja ana mlango wake wa vibali, na barua moja haifungui milango yote. Omba barua ya utambulisho chuoni mara tu mada ikipitishwa, peleka mwenyewe, chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wenzangu wawili waliacha masomo wakisubiri kibali tu.

Na wewe mdogo wangu wa magereza, lako ni zito zaidi. Mahabusu anayehojiwa na mtu aliyeshika funguo zake hawezi kusema hapana, hata ukimpa fomu ya ridhaa asaini. Atakujibu unachotaka kusikia, nawe utaandika kuwa ni matokeo. Usifanye utafiti kwenye gereza ulilopangiwa kazi. Omba kibali cha gereza ambako hawakujui, nenda bila sare, na muombe mkuu wa gereza akupe sehemu ya mahojiano ambayo askari wa zamu anawaona bila kuwasikia. Liandike hilo kwenye pendekezo lako kabla msimamizi hajakuuliza.